Asiyekubali Kushindwa si Mshindani

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kuona mpira wa kijijini ukivunjika. Timu mbili zinacheza vizuri. Watazamaji wamejaa pande zote. Mara mpira unapita karibu na nguzo ya goli. Hawa wanasema, "Goli!" Wale wanasema, "Nje!" Nyavu hakuna. Basi maneno yanaanza. Filimbi ya refa haisikiki tena. Jua linazama na hakuna aliyeshinda. Siku ya pili, majirani hawasalimiani kisimani.

Ugomvi wa namna hiyo hauletwi na mpira. Unaletwa na hesabu. Nani ahesabu? Ahesabu kwa njia gani? Na mtu afanye nini kama hesabu imemwendea vibaya?

Leo tutazungumza juu ya mchezo mwingine. Katika mchezo huu kila mchezaji ana bunduki mkononi. Ugomvi kama ule wa mpira ungeweza kuleta msiba. Kwa hiyo wachezaji wake wamelazimika kujifunza mapema jinsi ya kuhesabu kwa haki, jinsi ya kulalamika kwa adabu, na jinsi ya kushindwa. Mchezo huo ni kulenga shabaha.

MCHEZO WENYEWE

Kulenga shabaha kulikuwamo katika michezo ya kwanza ya Olimpiki ya siku hizi, iliyofanywa Athens, nchi ya Ugiriki, mwaka 1896. Mpaka leo mchezo huu umo katika Olimpiki.

Wachezaji hujipanga katika mstari mmoja. Kila mmoja ana nafasi yake. Mbele yake, upande wa mbali, iko shabaha yake. Shabaha hiyo ina namba sawa na namba ya nafasi yake. Mwenye namba 2 hupiga shabaha namba 2. Mwenye namba 3 hupiga shabaha namba 3. Tafadhali likumbuke jambo hili la namba, maana tutalirudia.

Shabaha ina duara nyingi, moja ndani ya nyingine, kama mawimbi unapotupa jiwe katika bwawa. Duara ya nje kabisa ina pointi 1. Kadiri unavyokwenda ndani, pointi zinaongezeka. Duara ya katikati kabisa ina pointi 10.

Usidhani kwamba duara hiyo ya katikati ni kubwa. Katika mchezo wa bunduki wa mita 50, duara ya pointi 10 ina upana wa milimita 10 na kidogo tu. Huo ni kama upana wa ukucha wa kidole. Hebu fikiri. Mita 50 ni nusu ya urefu wa uwanja wa mpira. Simama hapo, halafu ulenge ukucha! Na katika mchezo wa bunduki ya upepo wa mita 10, pointi 10 ni nukta tu. Upana wake ni nusu milimita, kama nukta uliyoweka kwa kalamu.

Mchezaji hupiga akiwa amelala kifudifudi, au amepiga goti, au amesimama. Huvuta pumzi, hutoa kidogo, hutulia. Hata mapigo ya moyo wake yanaweza kuisogeza bunduki. Ndiyo maana mchezo huu hauhitaji mtu mwenye hasira.

RISASI IKIGUSA MSTARI

Sasa tuje kwenye hesabu. Risasi ikiingia katikati ya duara, hakuna swali. Shida huja pale risasi inapopita juu ya mstari, yaani mpaka wa duara mbili. Je, apewe 9 au apewe 10?

Kanuni ya kimataifa inajibu hivi: tundu la risasi likigusa mstari wa duara ya ndani, hata kidogo, mchezaji hupewa pointi ya juu. Akigusa mstari wa kumi, amepata kumi.

Lakini nani aseme kama limegusa au halikugusa? Karatasi huchanika risasi inapopita. Jicho la mwenye risasi huona kwamba limegusa. Jicho la mshindani wake huona kwamba halikugusa. Hapa watu hawaulizi jicho. Wanauliza kipimo.

Kipimo hicho ni kijiti cha chuma chenye ukingo wa mviringo. Ukingo huo una unene sawa na ule wa risasi. Mwamuzi hukiingiza katika tundu, halafu hutazama kwa kioo cha kukuzia kama ukingo umegusa mstari. Kanuni inasema kipimo kiingizwe katika tundu mara moja tu. Kwa nini? Kwa sababu kila ukikiingiza, tundu linapanuka. Mtu akikiingiza mara tatu, tundu la 9 linaweza kugeuka kuwa la 10! Baada ya kupima, mwamuzi huandika matokeo kwenye karatasi ile ile, na kuweka herufi za jina lake. Basi kila mtu anajua nani amepima. Uamuzi uliotolewa kwa kipimo ni wa mwisho. Hakuna kubishana tena.

Siku hizi, katika mashindano makubwa, karatasi hazitumiki sana. Kuna shabaha za umeme. Nyingi kati ya hizo zina vyombo vinavyonasa sauti ya risasi inapopita. Mashine hupiga hesabu na kuonyesha mahali risasi ilipopita. Mchezaji huona pointi zake kwenye kioo kilicho mbele yake. Mashine hugawa hata pointi moja katika sehemu kumi. Kwa hiyo risasi bora kabisa hupata 10.9.

Je, mashine imemaliza ubishi? Imeupunguza. Lakini haikuumaliza, kama tutakavyoona.

RISASI KATIKA SHABAHA YA JIRANI

Turudi nyuma sana, mwaka 1874. Walenga shabaha wa Ireland walikuwa na sifa kubwa. Mwaka mmoja kabla yake, walikuwa wamewashinda Waingereza na Waskoti. Basi waliwaita Wamarekani washindane nao. Mashindano yalifanyika tarehe 26 Septemba, 1874, katika uwanja wa Creedmoor karibu na New York. Kila upande ulikuwa na watu sita.

Masafa yalikuwa marefu mno: yadi 800, yadi 900 na yadi 1,000. Yadi 1,000 ni zaidi ya mita 900. Risasi iliyopiga katikati ilipewa pointi 4.

Mchezaji mmoja wa Ireland, aliyeitwa Milner, alipiga risasi nzuri sana. Ilikwenda moja kwa moja katikati ya shabaha. Kumbe shabaha ile haikuwa yake! Ilikuwa ya jirani. Waamuzi wakampa sifuri.

Mchezo ukaendelea mpaka risasi ya mwisho kabisa. Ireland walikuwa na pointi 931. Marekani walikuwa na pointi 930. Mmarekani mmoja tu alikuwa hajapiga, naye ni John Bodine. Mkono wake ulikuwa unatoka damu, kwa sababu chupa ya kinywaji ilikuwa imempasukia mkononi. Akaufunga mkono kwa kitambaa, akalala, akapiga. Ikawa katikati! Pointi 4. Marekani 934, Ireland 931.

Sasa piga hesabu mwenyewe, ndugu msomaji. Zile pointi 4 za Milner zingehesabiwa, Ireland wangepata 935. Wangeshinda kwa pointi moja. Watu waliovuka bahari kubwa kwa meli walishindwa kwa sababu ya risasi nzuri iliyokwenda kwa jirani.

Je, walivunja mchezo? Hapana. Katika ziara hiyo hiyo, nahodha wao, Arthur Leech, aliwapa walenga shabaha wa Marekani zawadi ya jagi la fedha. Jagi hilo likawa kombe la kushindaniwa. Mwaka uliofuata, 1875, Wamarekani walikwenda Ireland wakashindana nao tena. Pointi 4 zilipotea, lakini urafiki haukupotea.

MIAKA 130 BAADAYE

Huenda unasema, "Hayo ni mambo ya zamani. Siku hizi kuna mashine." Sikiliza basi habari ya Athens, mwaka 2004.

Matthew Emmons wa Marekani alikuwa mmoja wa walenga shabaha bora duniani. Miezi michache kabla ya Olimpiki, mtu asiyejulikana aliiharibu bunduki yake. Emmons akaazimwa bunduki na mwenzake. Kwa bunduki hiyo ya kuazima alipata medali ya dhahabu katika mchezo wa kupiga ukiwa umelala. Kumbuka na huyo aliyemwazima. Naye ana sehemu yake katika dhahabu ile.

Siku mbili baadaye, tarehe 22 Agosti, Emmons aliingia fainali nyingine. Huu ulikuwa mchezo wa kupiga kwa mikao mitatu: kulala, kupiga goti na kusimama. Ilibaki risasi moja tu. Emmons alikuwa mbele ya wote kwa pointi 3. Alihitaji kupata 7.2 tu apate dhahabu ya pili. Kwa mtu kama yeye, 7.2 ni jambo dogo.

Akalenga. Akapiga. Akatazama kioo chake. Hakuna kitu.

Emmons akawageukia wasimamizi, akawaonyesha kwa mkono kwamba amepiga lakini mashine haikuonyesha. Alidhani mashine imeharibika. Wasimamizi wakaja, wakazungumza wao kwa wao, wakachunguza. Kisha jibu likatangazwa. Mashine ilikuwa nzima. Emmons alikuwa nafasi namba 2, lakini risasi yake ilikuwa imepiga shabaha namba 3. Hiyo ilikuwa shabaha ya Christian Planer wa Austria.

Risasi yenyewe ilikuwa ya 8.1. Ingepigwa katika shabaha yake, ingetosha kabisa. Lakini kanuni ni ile ile ya mwaka 1874. Risasi katika shabaha ya jirani ni sifuri. Emmons alitoka nafasi ya kwanza, akaanguka mpaka nafasi ya nane, yaani ya mwisho katika fainali. Dhahabu ilikwenda kwa Jia Zhanbo wa China.

Hapa ndipo mtu hupimwa. Emmons angeweza kupiga kelele. Angeweza kusema waamuzi wamemwonea. Hakufanya hivyo. Alieleza wazi kosa lake. Kwa kawaida yeye hutazama kwanza namba iliyo juu ya shabaha, kisha hushusha bunduki. Siku ile alishughulika na kuutuliza moyo wake, akasahau kutazama namba. Kosa lilikuwa lake, naye akalikubali mbele ya dunia nzima.

Na Planer je? Yeye hakukosa kitu, lakini shabaha yake ilikuwa imepigwa risasi mbili. Kwa mambo kama hayo kanuni ina huruma na asiye na hatia. Ikiwa haiwezekani kabisa kujua risasi ipi ni ya nani, mwenye shabaha hupewa ile yenye pointi nyingi zaidi. Mtu haumii kwa kosa la jirani yake. Planer alipata medali ya shaba.

Jioni ile, msichana mlenga shabaha wa Jamhuri ya Cheki, Kateřina Kůrková, alimwendea Emmons kumpa pole. Mazungumzo yale yakawa mwanzo wa mapenzi. Walioana mwaka 2007. Basi Emmons alipoteza medali, akapata mke!

Lakini habari haikuishia kwenye harusi. Mwaka 2008, kule Beijing, Emmons alikuwa tena mbele katika mchezo ule ule, na risasi moja tu ilibaki. Kidole chake kiligusa kifyatulio kabla hajawa tayari. Akapata 4.4, akawa wa nne. Mara ya pili! Wengi wangeacha mchezo. Mwaka 2010 akaugua saratani, akapasuliwa. Akapona, akarudi. Mwaka 2012, kule London, alipata medali ya shaba katika mchezo ule ule uliomwangusha mara mbili.

MONTREAL: NANI MSHINDI?

Tumeona mtu aliyekubali kosa lake. Sasa tuone mshindi aliyeona ushindi wake una upungufu. Habari hii ni ya Olimpiki ya Montreal, nchi ya Kanada, mwaka 1976.

Wakati ule wanaume na wanawake walishindana pamoja katika kulenga shabaha. Katika mchezo wa bunduki wa mikao mitatu, Marekani iliwaleta Lanny Bassham na Margaret Murdock. Kila mchezaji alipiga risasi 120. Mtu akipata kumi kila mara, jumla yake ni 1,200.

Hesabu za kwanza zilimweka Murdock mbele ya Bassham kwa pointi moja. Mwanamke alikuwa amewashinda wanaume wote! Lakini hesabu ziliporudiwa, likaonekana kosa. Wote wawili walikuwa sawa: Bassham 1,162 na Murdock 1,162.

Afanyeje mwamuzi? Bassham mwenyewe aliomba wote wawili wapewe dhahabu. Ombi lake likakataliwa. Kanuni za wakati ule zilitaka sare ivunjwe kwa kutazama karatasi zile zile zilizokwisha kupigwa, fungu kwa fungu. Yalipolinganishwa mafungu hayo, Bassham alikuwa bora. Dhahabu ikawa yake. Murdock akapewa fedha.

Waamuzi hawakufanya hila. Walifuata kanuni iliyoandikwa kabla ya mchezo kuanza. Lakini Bassham alijua kwamba jumla ya pointi zao ilikuwa moja. Tena alijua uchungu wa nafasi ya pili, kwa sababu mwaka 1972, kule Munich, yeye mwenyewe alipata medali ya fedha katika mchezo huo huo.

Ikaja saa ya kuvishwa medali. Bassham alipanda ngazi ya juu. Murdock alisimama ngazi ya chini yake. Wimbo wa taifa ukaanza. Basi Bassham akamshika Murdock mkono, akampandisha juu. Wakasimama pamoja katika ngazi ya kwanza mpaka wimbo ukaisha.

Tazama vizuri alichofanya. Hakumtukana mwamuzi. Hakuitupa medali. Hakuvunja kanuni yoyote. Medali zilibaki vile vile: dhahabu yake, fedha ya Murdock. Lakini aliwaonyesha watu jambo ambalo hesabu ilishindwa kulionyesha, kwamba walikuwa sawa. Na Margaret Murdock akawa mwanamke wa kwanza kupata medali ya Olimpiki katika kulenga shabaha.

KULALAMIKA NI HAKI, LAKINI KUNA NJIA

Usinielewe vibaya, ndugu msomaji. Sisemi kwamba mtu anyamaze akionewa. Kule Montreal hesabu zilirudiwa, na kosa likaonekana. Kama watu wote wangenyamaza, hesabu yenye kosa ingebaki. Mchezaji ana haki ya kuuliza. Mwamuzi naye ni binadamu.

Lakini katika kulenga shabaha kulalamika kuna utaratibu. Mambo makubwa ni haya:

Kwanza, lalamika mara moja. Mchezaji akiona jambo si sawa, humwambia msimamizi pale pale. Hangoji mpaka aone ameshindwa ndipo akumbuke.

Pili, mwambie anayehusika. Humwambii mshindani wako. Huwaambii watazamaji. Unamwambia msimamizi, naye huliita jopo la waamuzi. Usiporidhika, unaandika rufaa kwa karatasi.

Tatu, ubishi una gharama. Katika shabaha za umeme, mchezaji anaweza kubisha juu ya thamani ya risasi yake. Waamuzi huchunguza. Ikionekana amebisha bure, hukatwa pointi mbili. Kwa hiyo mtu hufikiri kwanza. Mwenye haki hasiti. Mwenye hila huogopa.

Nne, sema hata kama ni hasara kwako. Mchezaji akiona katika shabaha yake tundu ambalo si lake, anatakiwa kutoa habari hapo hapo. Pointi isiyo yako ni kama mbuzi wa jirani aliyeingia katika zizi lako. Hata kama hakuna aliyemwona akiingia, mbuzi si wako.

Tano, usalama kwanza. Msimamizi akisema "Acha," kila mtu huacha. Bunduki hutolewa risasi, huwekwa chini. Hata mwenye malalamiko makubwa huweka bunduki chini kwanza, ndipo aseme. Hakuna anayebishana akiwa na silaha mkononi. Bunduki si kitu cha kuchezea nyumbani, na mchezo huu hufanywa tu mahali palipoidhinishwa, chini ya wasimamizi.

SISI TUNAJIFUNZA NINI?

Pengine kijijini kwenu hakuna uwanja wa kulenga shabaha. Si kitu. Mna mpira. Mna bao. Mna mbio za magunia siku ya sikukuu ya shule. Mna mashindano ya ngoma na kwaya. Mna hata kupima pamba na kahawa kwenye mizani ya ushirika. Mahali pote hapo kuna hesabu, na penye hesabu pana ubishi.

Yaliyowafaa walenga shabaha yanaweza kutufaa na sisi.

Kubalianeni kanuni kabla ya mchezo. Sare itavunjwaje? Mpira ukigonga mti, itakuwaje? Kanuni inayotungwa baada ya mchezo humpendelea mwenye sauti kubwa.

Mtu asihesabu pointi zake peke yake. Katika vilabu vingi vya kulenga shabaha, mchezaji haruhusiwi kujihesabia shabaha yake mwenyewe. Wekeni wahesabu wawili, mmoja kutoka kila upande, na wote waandike.

Aamuaye aonekane. Mwamuzi wa shabaha huandika herufi za jina lake kwenye karatasi. Nanyi andikeni matokeo, na waamuzi watie sahihi. Hapa ndipo faida ya kujua kusoma na kuandika inapoonekana. Neno la mdomo hubadilika njiani. Neno lililoandikwa hukaa.

Tumieni kipimo, si jicho. Kamba, fito na chokaa ya kuchora mistari si gharama kubwa. Vinazuia ugomvi mwingi.

Na mwisho, mwamuzi akishasema, mpeane mikono. Mshindi asimcheke aliyeshindwa. Aliyeshindwa asimzulie mshindi. Wazee wetu walisema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Waliona mbali. Mchezo una watu wengi, na mshindi ni mmoja. Kama kila anayeshindwa atavunja mchezo, kesho hakutakuwa na mchezo wowote.

Emmons alikosa shabaha yake mbele ya dunia nzima, akasema, "Kosa ni langu," kwa matendo yake yote. Bassham alipata dhahabu, akaona haitoshi kusimama juu peke yake. Mmoja alishindwa, mwingine alishinda. Lakini wote wawili waliondoka uwanjani wakiwa na heshima. Na heshima haina kipimo cha chuma. Kila mtu huipima kwa matendo yake.

MANENO YA KUKUMBUKA

Shabaha: kitu kinacholengwa.
Sare: hali ya washindani kuwa na pointi sawa.
Jopo: kundi la watu waliochaguliwa kutoa uamuzi.
Rufaa: kuomba uamuzi utazamwe tena na wakubwa zaidi.
Masafa: umbali kati ya mahali na mahali.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini kipimo cha chuma huingizwa katika tundu la risasi mara moja tu?
2. Risasi ya Emmons ilipata 8.1, lakini alipewa sifuri. Je, unaona kanuni hiyo ni ya haki? Toa sababu.
3. Kama wewe ungekuwa mwamuzi kule Montreal, ungefanyaje Bassham na Murdock walipopata pointi sawa?
4. Taja ugomvi mmoja wa mchezo uliowahi kutokea kijijini kwenu. Kanuni gani ingeuzuia?